Swali la Kumi na Nne

Habari kwamba Kidawa anarudi Mafia, tena anarudi na udaktari wake, Mwanahalima alizipokea yuko juu ya mbuzi anakuna nazi, na nazi ile haikwisha kukunwa. Aliyempigia alikuwa afisa wa elimu kutoka Kilindoni. Alisema kuna mradi wa kutengeneza mtihani mpya wa hesabu wa darasa la tatu, kwamba Mwalimu Mwanahalima Matano wa Baleni amechaguliwa kuwa mmoja wa watunga maswali watano, na kwamba kiongozi wa kazi yenyewe anamfahamu vizuri. "Dokta Kidawa. Anasema mlikuwa chuo kimoja." Mwanahalima akasema alhamdulillahi, akakata simu, akaisukuma mbuzi kwa mguu mpaka ukutani.

Chuo kimoja! Bweni moja, bwana, kitanda kimoja cha ghorofa, Mwanahalima juu na Kidawa chini. Na kwa miaka ile miwili ya ualimu, wa kwanza darasani alikuwa Mwanahalima, na aliyekuwa akipanda ngazi ya kitanda na daftari mkononi kuomba anakili alikuwa Kidawa. Mwanahalima alikuwa mtoto wa Baleni kwa baba na kwa mama. Kidawa kwao Ndagoni kwa upande wa mama tu. Alizaliwa na kulelewa Temeke, Mafia akija likizo, na akizungumza ungedhani kisiwa amekisoma kitabuni. Walipohitimu Mwanahalima alirudi nyumbani kufundisha. Kidawa akaendelea kusoma, akaendelea tena, akaendelea mpaka watu wakachoka kuuliza anasomea nini. Alikuwa anasomea upimaji, namna ya kujua kama mtihani wenyewe unafaa.

"Kwa hiyo siku hizi mtihani nao unafanyiwa mtihani?" Mwanahalima alimwuliza mwalimu mwenzake alipoletewa habari hiyo, akacheka peke yake.

Tuseme ukweli tu, maana humu hakuna wa kumstahi: mwanamke huyu alikuwa na wivu. Hakuwa na kiwivu cha kupita, cha kuona kanga mpya ya jirani ukaitamani mpaka jioni. Wivu wake ulikuwa umekula chumvi nyingi. Ulimwamsha alfajiri kabla ya adhana na kumwuliza: yule aliyekuwa akinakili daftari lako, leo yuko wapi? Na wewe uko wapi? Halafu ulimwacha aswali nao.

Siku ya kwanza ya kazi alivaa baibui lake la Idi. Walikusanyika katika kituo cha walimu Kilindoni, walimu watano, na kati ya watano mwenyeji wa kisiwa alikuwa yeye peke yake. Wanne walikuwa watu wa bara walioletwa na ajira. Kidawa akaingia. Alikuwa amenenepa unene wa mtu anayelala usingizi wake wote, miwani inaning'inia kifuani kwa kamba, na chai aliyoletewa akainywa bila sukari, kana kwamba sukari ni kitu cha watoto. Alipomwona Mwanahalima alipiga kelele kama msichana.

"Shoga yangu! Njoo nikukumbatie. Jamani, huyu mnayemwona ndiye aliyenifundisha kutunga swali. Mimi nilikuwa nanakili kwake."

Watu wakapiga makofi. Mwanahalima akatabasamu mpaka mashavu yakamuuma. Angekuja na kiburi ingekuwa nafuu, angepata pa kumshika. Amekuja na wema, tena amelisema mbele za watu lile ambalo Mwanahalima alikuwa amelitunza kama silaha, akalifanya mzaha, likaisha makali.

Kisha Kidawa akaanza kueleza kazi, na alieleza vizuri, hilo nalo likauma. Akachora mstari mrefu ubaoni.

"Hii ni rula," alisema. "Upande huu nawapanga watoto, kuanzia anayeanza mpaka anayeweza sana. Upande huu nayapanga maswali, kuanzia jepesi mpaka gumu. Rula ni moja kwa wote. Kompyuta itachukua majibu ya watoto wote na kutuambia kila swali limekaa wapi na kila mtoto amekaa wapi. Swali zuri ni lile ambalo mtoto kadiri anavyoweza zaidi, ndivyo anavyolipata zaidi. Kompyuta ikilichora, mstari wake unapanda. Mkiona mstari unashuka, wenye akili wanakosa na wasiojua wanapata, basi hapo msimlaumu mtoto. Swali ndilo bovu."

Kila mwalimu angetunga maswali kumi. Maswali hamsini yangejaribiwa kwa watoto mia tatu wa shule tatu: moja ya mjini Kilindoni, moja ya Baleni, na moja ya kisiwa cha Bwejuu. Baada ya hapo yangebaki thelathini, na hayo ndiyo yangetumika wilaya nzima.

Mwanahalima alitaka kitu kimoja tu duniani. Alitaka maswali yake kumi yabaki yote kumi, na kompyuta ya Kidawa yenyewe ndiyo iseme.

Aliyatunga kwa siku tatu. Alipima kila neno. Aliepuka madafu na ngisi, aliepuka kila kitu ambacho mtu wa Dodoma angekishangaa, kwa kuwa Kidawa alisema swali lieleweke popote. La kumi na nne katika orodha ya jumla lilimtoka kwa raha, wala hakusita hata mara moja:

*Leo ni Jumatatu. Maulidi yatasomwa usiku wa Ijumaa. Zimebaki siku ngapi?*

Majibu ya kuchagua yalikuwa mbili, tatu, nne na tano. Akaandika jibu sahihi: nne. Jumanne, Jumatano, Alhamisi, Ijumaa. Jepesi, safi, la Kiislamu kidogo lakini si sana. Akaenda kulala ameridhika.

Mtihani wa majaribio ukafanywa, karatasi zikakusanywa, na Jumatano ya wiki ya tatu wakaitwa kuona matokeo. Kidawa alikuja na mtaalamu wake wa takwimu, kijana mmoja wa Tabora aitwaye Zubery, aliyekuwa akiongea na kompyuta yake kwa upole kuliko alivyoongea na watu. Projekta ikamulika ukutani. Maswali yakaanza kupita moja moja, na kila swali lilikuwa na mstari wake.

Maswali ya wale wa bara yaliyumba. Moja lilikuwa jepesi kiasi kwamba kila mtoto alilipata, halimpimi yeyote. Jingine gumu mpaka likawa bahati nasibu. Yalipoanza ya Mwanahalima, mistari ikapanda. La kumi na moja, juu. La kumi na mbili, juu. La kumi na tatu lilipanda vizuri mpaka Kidawa akasimama.

"Tazameni hili. Hiki ndicho ninachokisema kila siku. Mwanahalima hajasomea modeli hata moja ya takwimu, na maswali yake yanakaa kwenye rula kama yamepimwa na fundi."

Kwa muda wa pumzi moja, Mwanahalima alikaribia kumsamehe kwa kila kitu.

"La kumi na nne," akasema Zubery, akabonyeza.

Mstari ukashuka. Ulianzia juu kwa watoto wasioweza na kuteremka kwa wenye akili, kama mtu anayeshuka ngazi za kisima. Chumbani mtu mmoja akacheka, akajizuia.

Kidawa akavaa miwani. "Hili limepinduka. Zubery, tuonyeshe kwa shule."

Kwa shule ikawa ajabu zaidi. Kilindoni swali lilikuwa na afya: wenye akili walichagua nne, kama ilivyotakiwa. Baleni na Bwejuu ndiko palipopinduka. Katika watoto sabini wa juu wa shule hizo mbili, sitini na mmoja walikuwa wamejibu tatu. Waliobahatisha nne walikuwa wale wa mwisho, wanaoweka alama popote kalamu inapoangukia.

"Jibu moja la kosa, shule mbili, watoto bora," alisema Zubery. "Hii inanuka. Kuna mtu alipata maswali mapema, akawapa watoto majibu, na hili akalikosea. Walioweza kukariri ndio waliolikosa."

Kidawa hakupenda. Alisema takwimu zinaonyesha tu kwamba kuna jambo, hazisemi ni jambo gani. Lakini Zubery alikuwa na utaratibu wa mradi mkononi: penye shaka ya kuvuja na pasipo maelezo mengine, karatasi za shule husika huwekwa kando, shule huandikwa kwenye ripoti, na walimu hutoa maelezo kwa maandishi.

"Basi tutafute maelezo mengine," alisema Kidawa. "Ripoti inaondoka kesho saa sita mchana. Mwenye wazo lolote aniletee kabla ya hapo. Mwanahalima, swali ni lako na Baleni ni kwako. Huna lolote?"

Mwanahalima alikuwa analo. Lilikuwa limemjia mara tu alipoona neno Baleni chini ya ule mstari.

Kwao, usiku ndio unaotangulia, mchana unafuata. Jua likizama siku ya Alhamisi, Ijumaa imekwisha kuingia, na usiku ule ndio usiku wa Ijumaa. Ndivyo walivyohesabu bibi zake, ndivyo anavyohesabu yeye anapoalikwa shughuli, ndivyo anavyohesabu mtoto yeyote wa Baleni au Bwejuu aliyelelewa na wakubwa. Kutoka Jumatatu mpaka usiku wa Ijumaa ni siku tatu. Watoto wa Kilindoni, wengi wao watoto wa watumishi, wanahesabu kama redio: usiku wa Ijumaa kwao ni Ijumaa yenyewe jioni. Alipotunga swali alikuwa amevaa kichwa cha vitabuni ili amfurahishe Kidawa, akasahau kukivua, na watoto wake mwenyewe akawawekea mkasi wa kosa kwa kusema anavyosema yeye.

Kueleza hayo kulikuwa sentensi mbili. Lakini Mwanahalima hakuweza kuzisema, kwa sababu sentensi hizo mbili zilikuwa na mkia.

Miaka saba iliyopita mama yake Kidawa, ambaye uzeeni alirudi kwao Ndagoni, alifariki binti yake akiwa ng'ambo kwenye masomo. Maziko hayakumngoja, yasingeweza kumngoja. Likabaki la arobaini. Mama mdogo wa Kidawa, Bimkubwa, hakuwa na simu, akamwomba Mwanahalima: wewe ni shoga yake, mwandikie, mwambie khitma tutasoma usiku wa Ijumaa, aje amsomee mama yake. Kidawa alikuwa amekwisha kurudi Dodoma, na wiki ile ile ilikuwa imetoka habari kwamba amepata udaktari. Mwanahalima akaandika ujumbe: *Khitma ya mama ni usiku wa Ijumaa, Ndagoni. Usikose.* Na kabla ya kuutuma, kidole kikasita. Alijua Kidawa anahesabuje. Alikaa naye bweni miaka miwili, aliwahi kumcheka kwa jambo hilo hilo. Neno moja tu lingetosha, Alhamisi. Hakuliandika. Kila alichoandika kilikuwa kweli, akautuma.

Kidawa alishuka kwenye ndege Ijumaa asubuhi akakuta mikeka inakung'utwa. Aliuliza mbona hawakumngoja. Bimkubwa akamjibu mbele za watu kwamba walimngoja mpaka baada ya isha, na kwamba mwenye kujua thamani ya mama haji khitma imekwisha. Wakarushiana maneno. Kidawa akaondoka na ndege ya jioni, na toka siku ile hakukanyaga Ndagoni. Mjini watu walisema usomi umemlevya. Mwanahalima alisema zaidi ya wote.

"Sina," alimjibu Kidawa pale mbele ya ukuta. "Labda ni kweli walipeana."

Aliporudi Baleni alasiri ile alikuta watoto wanachota maji bombani. Ummy, binti wa darasa la tatu aliyepata maswali yote isipokuwa hilo moja, alitua ndoo yake.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba. Ummy, hebu niambie. Leo ingekuwa Jumatatu, na maulidi ni usiku wa Ijumaa, zimebaki siku ngapi?"

"Tatu."

"Si nne?"

Mtoto alimtazama kwa huruma, kama mtu anayetazama mwalimu aliyeanza kuchoka. "Mwalimu, ungetaka nne ungesema Ijumaa usiku. Usiku wa Ijumaa si Alhamisi?" Akajitwika ndoo. "Tumefaulu?"

Mwanahalima alimwambia bado wanasahihisha. Usiku mzima alipiga hesabu yake. Akisema, watoto watasalimika na Kidawa atajua. Asiposema, Kidawa hatajua kamwe, na Ummy na wenzake wataandikwa wezi wa mitihani kabla hawajajua kuandika barua. Na katikati ya hesabu hiyo, kuna sauti ndogo ya wivu iliyokuwa ikimnong'oneza: nyamaza, siku moja itagundulika kwamba rula ya Dokta imewashtaki watoto wasio na kosa, na siku hiyo utacheka. Sauti hiyo ilimtia haya, na hakuifukuza.

Alfajiri akapata njia ya tatu, akaiona nzuri sana. Kabla ya saa mbili alikuwa Kilindoni, akamkuta Zubery peke yake.

"Mwanangu, nimelala na aibu. Ni mimi niliyekosea kuandika jibu. Jibu sahihi ni tatu, kalamu iliniteleza. Badilisha tu, yaishe, wala usimsumbue Dokta."

Kwa Mwanahalima, kukiri kosa la hesabu za darasa la tatu kulikuwa sawa na kunywa shubiri kwa kikombe. Lakini alikunywa. Zubery akashukuru, akabadilisha ufunguo wa majibu, akaiacha kompyuta ifanye kazi yake. Wakangoja. Mstari wa Baleni na Bwejuu ukanyanyuka, ukapanda, ukawa mzuri kama ile mingine.

"Alhamdulillahi," alisema Mwanahalima, akashika mkoba wake.

"Ngoja kidogo, mwalimu," alisema Zubery.

Mstari wa Kilindoni ulikuwa umeanguka. Sasa watoto bora wa mjini ndio waliokuwa wamekosa, na wa mwisho wao ndio waliopata. Zubery akarudisha nne, Baleni ikapinduka. Akaweka tatu, Kilindoni ikapinduka. Alirudia mara tatu, kana kwamba kompyuta ingechoka na kubadili maneno. Na hapo ndipo Kidawa alipoingia, akasimama nyuma yao na kikombe chake cha chai isiyo na sukari, akatazama.

"Nani kabadilisha ufunguo?"

Zubery akaeleza. Walimu wengine walikuwa wanaingia, wanavuta viti. Kidawa alimgeukia Mwanahalima.

"Wewe huwezi kuteleza kwenye hesabu hii," alisema taratibu. "Nakujua. Na ufunguo ungekuwa umekosewa, ungekosewa kwa shule zote. Hapa tatu ni kweli kwa watoto hawa, na nne ni kweli kwa hawa. Hakuna aliyenakili. Swali hili lina siku mbili ndani yake." Akavaa miwani na kulisoma swali kwa sauti, neno kwa neno, kama mtoto anayejifunza kusoma. *Leo ni Jumatatu. Maulidi yatasomwa usiku wa Ijumaa.* "Sisi wengine wote humu ni wageni. Wewe ndiye mwenyeji. Ukiambiwa shughuli ni usiku wa Ijumaa, unakwenda lini?"

Hapo ilikuwa bado inawezekana kusema Ijumaa. Wanne wa bara wasingejua, Zubery asingejua. Mwanahalima alifungua kinywa kusema Ijumaa, na kilichomtoka akakisikia mwenyewe kwa mshangao.

"Leo," alisema. "Leo ni Alhamisi, na jua likizama ndio usiku wa Ijumaa. Kwetu usiku unatangulia. Watoto wamejibu sawasawa, niliyekosea ni mimi niliyewaulizia Kiswahili cha watu wengine."

Walimu wakaguna, mmoja akapiga paja kwa furaha ya kupata jibu. Zubery alishaanza kufuta. Kidawa peke yake hakusogea. Kikombe alikiweka mezani polepole sana, na Mwanahalima aliona kabisa uso ule ukienda mahali pengine, ukienda Ndagoni, ukikuta mikeka inakung'utwa.

Lakini alimaliza kazi yake kwanza, na hilo Mwanahalima hatalisahau. Kwa sauti ile ile ya kila siku alisema, "Zubery, futa habari ya kuvuja. Andika hakuna shaka yoyote juu ya watoto wa Baleni wala Bwejuu. Andika swali la kumi na nne limeondolewa kwa sababu maneno usiku wa Ijumaa yana maana mbili kisiwani, na maelezo hayo yametolewa na Mwalimu Mwanahalima Matano. Jina liandike lote." Kisha akaomba radhi, akatoka barazani. Mwanahalima akamfuata, maana kubaki ndani kusingekuwa nafuu.

Kidawa alikuwa ameegemea nguzo, simu mkononi.

"Ujumbe wako ninao bado," alisema. "Nimebadilisha simu tatu, sikuufuta. Nilikuwa nikiusoma nasema, mtu mmoja tu alitaka nifike." Akaigeuza simu uso chini. "Nikuulize, na unijibu kama unavyojibu mtihani. Ulipouandika, ulijua mimi nitakuja lini?"

"Nilijua."

"Ulisahau, ama?"

"Sikusahau. Nilikuwa na wivu, Kidawa. Ulikuwa umepata udaktari wiki ile. Nilikuwa na wivu na bado ninao."

Kidawa akalia palepale barazani, wazi, bila kuficha uso, na watu waliokuwa wakipita na baiskeli zao wakamtazama kwa heshima. Hata hilo Mwanahalima alilionea wivu. Yeye angelia hadharani hivyo wangesema amepatwa na wazimu.

"Miaka saba," alisema Kidawa alipopata sauti, "nimewachukia ndugu zangu kwa kutoningoja. Nimekuja kisiwani nimelala nyumba ya wageni, na kwao mama yangu ni mwendo wa bodaboda tu. Mama mdogo yu hai?"

"Yu hai."

"Tutakwenda. Na utasema wewe. Mimi sitafungua mdomo mpaka umalize."

Walikwenda mchana huohuo baada ya ripoti kuondoka, kila mmoja na bodaboda yake. Bimkubwa walimkuta uani anamenya muhogo. Alipomwona Kidawa kisu kilisimama mkononi. Mwanahalima alitoa shikamoo, akaitikiwa marahaba ya mbali, na kabla ujasiri haujamtoka akasema yote akiwa wima: aliombwa nini, akaandika nini, akaacha neno gani, na kwa nini. Alisema kwamba mtoto wa watu alikuja siku aliyodhani ndiyo. Alisema kwamba hakuna aliyemdharau marehemu isipokuwa yeye.

Bimkubwa alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akainuka kwa kushika goti, akampita Mwanahalima kama anavyopita nguzo ya uzio, akamshika Kidawa mabega.

"Sinia lako nililifunika mimi mwenyewe," alisema. "Nikawakataza wasiliguse. Mpaka asubuhi, mwanangu. Lilikuwa limefunikwa ulipoingia pale mlangoni, na mimi nikakutukana."

Wakakumbatiana, wakalia, mmoja mwembamba na mmoja mnene, wakiitana mama na mwanangu, na maneno mengine hayakusikika. Wakaanza kuelekea ndani, Bimkubwa akimvuta kwa mkono, akimwuliza amekula nini, nani anampikia huko aliko. Viatu vya Kidawa vikabaki kizingitini.

Mwanahalima alisimama uani kando ya maganda ya muhogo. Kwa desturi za Ndagoni, na za Baleni, na za kisiwa kizima, hata mpita njia asiyejulikana akisimama uani huambiwa karibu, na asipoambiwa hukaa akijua maana yake. Alisubiri kidogo, akijifanya anatengeneza ushungi. Alisikia vikombe ndani, akasikia Kidawa akicheka katikati ya kilio, akahesabu vikombe kwa sauti zao vilivyokuwa vikiwekwa chini. Vilikuwa viwili. Akatoka njiani kutafuta bodaboda ya kurudi Baleni.